Sabuni ya Tatu

Mkemia mmoja, wenzake waliondoka mmoja mmoja, huyu kastaafu, yule kahamishwa, mpaka akawa peke yake maabara nzima. Na kazi yenyewe, jamani, usiombe! Unachukua sabuni mbili zilizochanganywa, unazipitisha kwenye mrija wa kioo mwembamba kuliko unywele, umeme unazivuta, na kila moja inatakiwa ichore kilima chake kwenye skrini. Zake ziling'ang'aniana, zikachora kilima kimoja kinene. Mkuu wake wa kazi alishasema: zisipotengana kufikia Ijumaa, mashine inaondoka na yeye anakwenda stoo.

Aliyemjulia hali ni mmoja tu, mama msafishaji. Kila asubuhi aliingia na ndoo yake.

"Baba, sabuni zimeachana?"

"Wapi, mama! Zinapendana kuliko maharusi."

Wakacheka. Baada ya hapo, hadi jioni, hakuna aliyemsemesha.

Jumatano akajaribu kutia alkoholi kwenye maji ya mrija, tone kwa tone. Sabuni zikaachiana! Akaruka, mtu mzima na mvi zake. Kisha akaona kilima cha tatu. Kimetoka wapi, na sabuni ni mbili? Akabadilisha maji, akabadilisha mrija, kilima kipo pale pale. Alhamisi yote ikaishia hapo.

Ijumaa asubuhi akamkuta mama kwenye sinki, anasugua vichupa vyake vya kupimia, povu hadi viwikoni.

"Nimeona umeelemewa, baba. Siku ya tatu hii nakuoshea, ving'ae."

"Unaniua, wewe mama! Humu tunapima sabuni, vichupa hivi havioshwi kwa sabuni! Nani kakutuma?"

Mama akaweka kichupa chini polepole. "Nisamehe," akasema, akafuta mikono, akatoka.

Mkemia akasuuza vichupa kwa maji matupu mara kumi. Saa sita mchana vilima vilikuwa viwili, kila kimoja kivyake. Mkuu akatazama, akasema, "Haya, mashine inabaki," akaenda zake. Hapo ndipo mkemia alipokumbuka uso wa yule mama, na furaha yote ikamtoka. Hasira hasara.

Jumatatu akafika mapema, akaacha mlango wazi. Mama akaja na ndoo, akasimama nje.

"Nimekosa, mama. Nilikufokea, na ulikuwa unanisaidia. Karibu ndani."

"Hakuna shida, bosi."

Akapiga deki kwa nje, akaishia kizingitini, akakamua tambara, akaenda mlango wa pili.