Bei ya Jioni

Mjane hatoki. Anakaa kwenye godoro sebuleni, kajifunika khanga, kina mama wamemzunguka, na kila anayeingia anaanza kulia upya ili asije akaonekana hakuguswa. Mimi nilitoka. Niliwaambia naenda msalani, nikapitia uani chini ya kamba za nguo, nikafungua mlango wa nyuma na kumsimamisha bodaboda wa kwanza aliyepita, kandambili moja ikabaki kwenye mchanga wa uani. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mume wangu Zablon alikuwa amefariki Jumatatu, Alhamisi tulikuwa tunampeleka kwao Haneti kumzika, na mimi nilikuwa natafuta picha.

Kwetu jeneza haliendi kaburini hivihivi. Linatanguliwa na msalaba, na pamoja na msalaba mjukuu mmoja hubeba picha ya marehemu kwenye fremu, ili hata asiyemjua ajue anamlilia nani. Shemeji yangu Abeli, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa ameshachagua ile ya kitambulisho cha taifa, ikakuzwa mpaka vinyweleo vinahesabika. Humo Zablon amebana midomo na kutoa macho kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nilipoiona nililia kuliko nilivyolia hospitalini. Huyo hakuwa mume wangu.

Lakini picha zake zote ziko hivyo. Zablon alikulia kwenye kijiji ambacho maji ya kisima yanaharibu meno ya watoto, meno yakatoka ya kahawia, rangi ya chai ya rangi. Ujanani alipokwenda Dar kuendesha malori, wenzake walimcheka, na tangu hapo hakuna kamera iliyomwona akitabasamu. Hata nyumbani, akicheka, mkono ulikwenda mdomoni kwanza. Miaka thelathini na nne ya ndoa nimekaa na mtu anayecheka nyuma ya kiganja.

Mara moja tu alipigwa picha akicheka. Na picha hiyo niliikataa mimi, kwa ubahili wangu.

Ilikuwa mwezi wa saba, Bwawa la Mtera. Binti yetu Anitha aliona tangazo kwenye simu, likizo ya meli kwa bei ya mkulima, siku tatu juu ya maji, chumba na chakula cha jioni ndani yake. Akatulipia. Alisema baba hajawahi kupumzika tangu azaliwe, na daktari alikuwa amemwambia Anitha pembeni maneno ambayo mimi sikuambiwa. Mimi nilijua kwamba saratani ya tumbo ilikuwa na dawa ya mzunguko wa tatu, kwamba dawa ile ilikuwa na bei, na kwamba bei hiyo ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki niliyoishonea kwenye gauni langu la ndani. Nilikwenda likizo na bahasha ile kwa sababu sikumwamini mtu wa kumwachia.

Nauza mboga kavu soko la Majengo mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mtu hanidanganyi kuhusu bei. Nilijua kabla sijakanyaga meli kwamba nafuu ya tangazo itarudishwa mlango wa nyuma, na kweli. Soda bei yake. Taulo bei yake. Kiti cha juu penye upepo bei yake. Hata maji ya moto ya chai yalikuwa na bei, kana kwamba moto wanautoa mbinguni. Kwa hiyo nilijipanga. Chupa mbili za chai, viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, mikate mitatu, na unga wa mlenda kilo nzima. Taulo letu. Sabuni yetu. Mpaka kigoda nilibeba.

Pale daraja la kupandia, mpagazi wa meli alitaka kutubebea mizigo. Nikauliza bure? Akacheka. Nikamwambia mikono tunayo. Gunia nikaliweka kichwani, na mgonjwa wangu, Mungu anisamehe, akabeba chupa ya chai mkono huu na kapu mkono huu. Mlinzi akauliza kapu lina nini, linanuka. Nikajibu ni dawa za mgonjwa. Akafunua, akakuta viazi, akaniuliza huyu baba anaumwa njaa?

Zablon akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, mikono yote miwili imeshika mizigo, mdomo wazi mbele za watu, na sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimemwona hivyo. Hapo ndipo yule mama mpiga picha alipotokea mbele yetu. Jina lake Gladness, mama wa makamo mwenye kofia ya kitambaa. Nilijua kazi yao, Dodoma nzima inawajua, kwenye mahafali na kipaimara: anakupiga kwanza, anasafisha, halafu anakuuliza kama utanunua. Nikanyoosha mkono kumzuia. Nikasikia kamera, nikamwambia, "Hatukukuomba."

Akasema hakuna shida mama, mtaiona ubaoni.

Ubao ulikuwa karibu na chumba cha kulia. Picha za abiria wote zilibandikwa pale, elfu kumi kila moja. Zablon alikwenda kuangalia jioni ile ile, akarudi ametulia usoni, kitu ambacho maumivu yalikuwa hayamruhusu siku nyingi. Alikaa kwenye kigoda changu akaniambia, "Mama Anitha, nimetoka vizuri. Maisha yangu yote sijawahi kupigwa picha kama ile. Nenda kaione."

Sikwenda. Mfanyabiashara haangalii anachokitaka. Ukikitazama mara mbili, muuzaji anakusoma, na bei inapanda au inagoma kushuka. Nilimweleza mume wangu hivyo. Nikamwambia asubiri siku ya mwisho, watu wakishuka, picha isiyonunuliwa ni karatasi tu, tutaipata kwa elfu tatu. Nyanya ya asubuhi na nyanya ya jioni ni nyanya ile ile. Alisema sawa. Zablon hakuwa mtu wa kubishana, ndiyo maana nilimpenda na ndiyo maana nilimwonea.

Siku ya pili aliinuka mara tatu kwenda kuuangalia ubao. Kila akirudi nilimuuliza kama mama yule amemwona. Alikuwa akisema hapana. Mchana jikoni walikaanga perege, harufu ikapanda mpaka juu, na Zablon, ambaye kwa wiki mbili alikuwa anakula kama ndege, akasema leo angekula samaki. Samaki wa mchana hakuwa ndani ya tiketi. Mhudumu alipokuja kutuuliza, nikamwambia mume wangu yuko kwenye mfungo wa maombi. Mhudumu akamwangalia. Zablon akaitikia, "Amina." Kisha akala kiazi.

Kiazi hicho bado nakiona. Wakati ule nilijisikia mshindi. Nilishika bahasha kifuani nikajisemea akiba haiozi, kila soda asiyokunywa ni tone la dawa, nampigania mume wangu na yeye mwenyewe hajui. Alijua. Jioni ile aliniambia taratibu kwamba dawa ya tatu haitamsaidia, mwili wake unamwambia. Nilimkatalia kwa ukali. Nikamwambia anaongea kama mtu asiye na imani. Akasema basi, tuangalie maji.

Siku ya mwisho nilikuwa nimeandaa elfu tatu, nimeikunja mkononi. Meli ilikuwa inakaribia nchi kavu nilipomkuta Zablon ameinama juu ya beseni la chumbani, anatapika damu. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Walitushusha sisi kwanza. Gari la kampuni likatukimbiza Dodoma, mimi nyuma nimempakata, na wakati wa kushuka tulipita pale ubaoni, nina hakika tulipita, kwa sababu alinyanyua kidole. Nilidhani anaomba maji.

Dawa ya mzunguko wa tatu haikutolewa. Daktari alisema mwili hautaihimili. Zablon alikaa nyumbani wiki saba, kisha Jumatatu akaondoka. Na ile bahasha? Niliifumua mwenyewe kwenye gauni na kumkabidhi Abeli. Ikanunua jeneza lenye kioo, turubai mbili, spika, na mpiga picha wa mazishi, ambaye anafuata kila hatua na kumpiga marehemu kila upande. Mtu niliyemnyima picha ya elfu kumi akiwa anacheka, sasa anapigwa mia mbili akiwa amefumba macho, kwa hela ileile.

Ndiyo sababu nikatoka.

Kwanza nilikwenda kwenye ofisi iliyotuuzia tiketi, mjini. Dada wa mezani aliniona peku mguu mmoja, khanga ya msiba kichwani, akasimama. Nilimweleza. Akasema kwa upole kwamba picha zisizonunuliwa huchanwa siku hiyo hiyo abiria wakishuka, ndiyo utaratibu. Nikamuuliza zinachanwa na nani. Akasema na mpiga picha mwenyewe. Nikamwambia basi nipe huyo mpiga picha. Alikuwa na namba yake. Akapiga, haipatikani, akapiga tena, haipatikani. Nilikaa sakafuni pale ofisini, nikasema kwa sauti kwamba nilikuwa na elfu tatu mkononi. Dada yule hakuelewa nasema nini. Akaniambia mama huyo wiki hii hayuko Mtera, anapiga picha kwenye mahafali ya chuo kimoja nje ya mji.

Simu yangu ilikuwa imeita mara kumi na moja. Abeli. Sikupokea.

Nje ya geti la chuo picha zilikuwa zimetandazwa chini kwenye maturubai, mamia, wahitimu na majoho yao, kila mpiga picha na turubai lake, zimewekewa vijiwe zisipeperuke. Nilipita katikati yao nikiita Gladness, Gladness, na wazazi waliovaa vizuri wakanipisha njia. Mmoja alinipa elfu moja, akidhani ni ombaomba. Nilipoiona ile kofia ya kitambaa nilisimama mbele yake. Ni yeye aliyenitambua.

"Mama wa viazi," alisema. Kisha akaiona khanga. Akaniuliza ni baba?

Nikamwambia ni baba, tunazika kesho, na naitaka picha anayocheka, namwomba kwa jina la Mungu asiniambie aliichana. Alisema ile ya karatasi aliichana. Nilihisi jua lote la Dodoma limenishukia kichwani. Lakini akafungua mkoba, akatoa kompyuta yake ndogo, akasema huwa hafuti za mwaka mzima, uvivu tu, na akaanza kutafuta, mwezi wa tisa, wa nane, wa saba. Uvivu wa mwanamke yule, Mungu aubariki.

"Huyu hapa," alisema. "Ila mama, sijui kama itakufaa."

Nikainama.

Alikuwepo Zablon. Macho yamefinyika kwa kicheko, makunyanzi mpaka masikioni, chupa ya chai mkono huu na kapu mkono huu. Na kuanzia puani mpaka kidevuni hakuonekana. Palikuwa na kiganja. Kikubwa, kimefunguka, na kovu la kisu cha mboga chini ya kidole gumba. Kiganja changu, pale niliponyoosha mkono kumzuia mpiga picha, kilikuwa kimefika mbele ya mdomo wake kabla chake hakijaweza.

Gladness alikuwa anaomba radhi. Alisema hata yeye alishangaa baba yule kuja kuiangalia kila mara, picha iliyoharibika, na siku ya pili alimpunguzia mpaka elfu tano, lakini baba akasema hela anashika mke wake. Alimuuliza ameipendea nini. Nikamwomba aniambie alijibu nini, neno kwa neno.

"Alisema, 'Mke wangu amenificha meno.'"

Nililia pale chini katikati ya majoho, na sikujali. Siku mbili alikuwa ananibembeleza niende nikaone. Mimi nikadhani anataka nikamwone yeye.

Gladness aliisafisha kwenye mashine aliyokuwa nayo, kubwa kiasi cha kuingia kwenye fremu. Akasema anaweza kuukata ule mkono, au kumtafutia mdomo kwenye picha nyingine aubandike, siku hizi inawezekana. Nikamwambia aache. Akasema basi nichukue, ni rambirambi yake. Nikakataa hilo pia. Nilimpa elfu kumi kamili, bei ya asubuhi, na nikamwambia asante.

Nyumbani Abeli alikuwa amesimama getini, mishipa ya shingo imemtoka. Aliniuliza ni mjane wa namna gani anayezurura mjini mume hajazikwa. Nilimwamkia, nikampa picha. Aliitazama. Akasema hii haiwezi kutangulia jeneza, watu wataulizana ni mkono wa nani huo unaomziba marehemu mdomo.

"Wakiuliza," nilimwambia, "waambie ni wa mke wake."

Kisha nikapita uani, nikaokota kandambili yangu, nikarudi kukaa kwenye godoro.