Babu wa Kuazima

Kwa zaidi ya miaka thelathini Kanali Famau alikuwa na babu wa kuazima, na babu huyo alimfaa kuliko babu wengi wa kweli. Alimtia jeshini, akampandisha cheo, na serikali ilipoanguka akamvusha kwenye vizuizi vya barabarani ambako Wabajuni wenzake, watu wa visiwani, walikuwa wakishushwa garini wasirudi tena. Mimi simlaumu kwa hilo. Ningekuwa mahali pake, ningeazima hata bibi.

Mambo yalianza hivi. Famau alizaliwa kisiwani Ngumi, akasomea Kismayu, na huko shuleni akashikana urafiki na Mahmoud, kijana wa ukoo mkubwa wa mjini. Wote wawili walitamani uaskari. Lakini afisa aliyekuwa akiandikisha vijana alimtaka kila mmoja asimame ahesabu mababu zake, na mtoto wa mvuvi wa visiwani akihesabu wa kwake alichekwa na kurudishwa kwao. Mahmoud akamwambia mwenzake achukue mababu zake. Jina la baba, Nassor, libaki lilivyo. Babu awe Warsame, babu yake Mahmoud, na wengine wafuate. Akamkaririsha majina hayo mpaka yakamkaa ulimini kama Alhamdu. Famau akaingia jeshini akiitwa Ahmed, mtoto wa ami yake Mahmoud, na tangu siku hiyo wakaitana walaal, ndugu.

Alipostaafu alirudi Ngumi. Alikuta watu wamekwisha anza kurejea kutoka Mombasa walikokimbilia vita, miongoni mwao dada yake Barke, mjane mwenye ulimi usiochelewa. Kisiwa hakikuwa na maji ya maana. Watu walivuka hadi bara kuteka, na huko bara waliteka kwa hofu. Famau akasema wajenge jabia, lile birika kubwa la kutunzia maji ya mvua, na akatoa kiwanja cha babu yao Mbwana, kilichokuwa karibu na bandari ndogo ya kisiwa. Barke akakubali, kwa kuwa kiwanja kilikuwa chao wote wawili.

Siku za mwanzo alidhani bado yuko kambini. Aliwapanga watu foleni, akapuliza filimbi alfajiri, na wanawake waliokuwa wakiponda chokaa wakampigia saluti kwa michi huku wamekufa kwa kicheko. Ikabidi aitupe filimbi. Akabeba mawe pamoja nao, akachoma chokaa, mikono ikababuka, na mwaka wa pili hakuna aliyemwita Kanali ila kwa kumtania. Mvua za masika zilipolijaza jabia kwa mara ya kwanza, Famau alilia mbele ya watu na wala hakujificha. Alikuwa amefika kwao.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Furaha ilimzidi, akamwalika Mahmoud aje aone. Mahmoud akaja na zawadi ya tende, akakumbatiana na kila mtu, akanywa maji ya jabia akayasifu. Famau akamtembeza huku na huku, akamwonyesha kina cha bahari mbele ya kiwanja, ambapo hata chombo kikubwa kingeweza kutia nanga. Akampiga bega akamwambia, kwa fahari yake yote, kwamba pale pote palikuwa pa babu yake.

Haukupita mwezi habari zikaja kutoka mjini. Mahmoud alikuwa amepeleka madai mbele ya wazee wa ardhi Kismayu, na nyuma yake ilikuwapo kampuni iliyotaka kujenga ghala la barafu la kuhifadhia kamba wa baharini. Madai yake yalikuwa mafupi. Ahmed ni mtoto wa ami yangu, jeshi zima linajua. Ahmed mwenyewe anakiri kwamba kiwanja ni cha babu yake. Babu yake ni babu yangu. Basi kiwanja ni cha ukoo wetu, na jabia lililomo ndani yake pia.

Famau alikosa hata tusi la kumtukana. Mtu aliyemtoa kifoni ndiye aliyekuja kumpora kwao, tena kwa majina yaleyale.

Siku ya kikao waliondoka Ngumi mashua mbili. Njiani Barke alimuuliza kaka yake kama anawakumbuka mababu zao, maana mbele ya wazee wale mwenye kudai ardhi husimama akahesabu bila kusita, na akikwama ameanguka. Famau akakasirika kidogo. Akamwambia yeye si mtoto wa chuo cha Kurani. Barke akatazama maji.

Kikao kilisimamiwa na Mzee Shihab, mtu mpole asiyependa makelele. Mahmoud alisimama kwanza, akahesabu mababu zake kwa ufasaha, akaketi. Hakumtazama Famau. Kisha Famau akasimama na kusema kweli yote: kwamba jina la Ahmed lilikuwa la kuazima, kwamba yeye ni Mbajuni wa Ngumi, na kwamba aliyempa uongo ule ni huyuhuyu anayemshitaki leo. Watu wakanong'ona. Mzee Shihab akamwambia ahesabu basi mababu zake wa kweli.

"Mimi ni Famau," akasema, "bin Nassor, bin Warsame, bin Guled, bin..."

Akasita. Hakukusudia. Ulimi ulikuwa umepita njia uliyoizoea, njia iliyomwokoa kwenye kila kizuizi, na alipotaka kurudi kwa Mbwana na waliomtangulia Mbwana, hakumwona hata mmoja. Alijaribu tena, na baada ya Nassor akaja Warsame. Mahmoud aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Jasho lilimtoka Famau, mtu aliyewahi kusimama mbele ya mizinga, na aibu ikamshika hata akatamani kufa palepale.

Ndipo Barke aliposimama. Mzee Shihab akamuuliza kama mtu huyu ni kaka yake.

Barke alimtazama Famau. Kisha akawageukia wazee.

"Kaka yangu Famau alitoka Ngumi angali kijana, na hakurudi," alisema kwa lafudhi ya Ngumi. "Huyu mchu mmemsikia wenyewe. Ni mjukuu wa Warsame. Alikuya kwetu mgeni, akatusaidia kazi, Mngu amlipe. Kiwanja ni cha wajukuu wa Mbwana, na mjukuu aliyebaki ni mimi." Akawataja mababu zake mmoja mmoja mpaka wazee wakatosheka.

Mzee Shihab hakuchelewa. Alisema mjukuu wa Warsame hana kiwanja Ngumi, wala jamaa zake hawana. Jabia likabaki la kisiwa. Watu wa Ngumi walitoka nje wakikumbatiana, na Famau akatoka nyuma yao na furaha yake nusu, akidhani yaliyosemwa yalikuwa ya ukumbini tu.

Gatini aliweka mguu juu ya ukingo wa mashua. Barke akaweka mkono kifuani pake akamzuia. Alikuwa akilia waziwazi sasa, na macho ya jamaa za Mahmoud yalikuwa juu yao.

"Ukipanda, wachasema nilidanganya," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wacharudi kudai. Niwie radhi, kaka."

Famau aliutoa mguu. Hakuna aliyemtetea, hata wale waliobeba mawe pamoja naye miaka yote ile. Kila mmoja alishughulika na kamba, na tanga, na mzigo wake. Famau aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kwa Mahmoud alikuwa na hasira, na hasira angalau humsimamisha mtu. Kwa hawa hakuwa na neno, kwa sababu jabia lilikuwa limeokoka.

Mashua zikang'oa nanga. Nyuma ya Famau gari lilipiga honi, kisha sauti aliyoijua tangu shuleni ikamwita kwa upole, kama kwamba hapakutokea lolote baina yao.

"Ahmed, walaal. Twende nyumbani."

Famau hakugeuka. Alisimama palepale mpaka mashua ya mwisho ikazunguka ncha ya gati, akimngojea mtu yeyote amwite kwa jina lake.