Mwandiko wa Daktari Chambua

Hebu fikirieni: umetunga mtu mbaya, mbaya wa kutisha watoto, halafu siku una shida unafungua mlango wa ofisi unamkuta amekaa nyuma ya meza, kavaa koti jeupe, anakwambia karibu kiti. Ndivyo yalivyomkuta mchoraji wetu. Na sitamtetea, maana alijitakia.

Kwa miaka mitatu mchoraji huyu alikuwa na ukurasa wake wa katuni kwenye gazeti la kila Ijumaa. Shujaa wake aliitwa Kipanga. Uso kaufunika kwa barakoa ya ngozi, anaruka mapaa, anawakomesha waonevu, na hakuna amjuaye ni nani. Adui yake alikuwa Daktari Chambua, daktari wa akili ambaye akili zenyewe zilikuwa zimemruka. Fedha alikuwa hana haja nazo. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kujua nani yuko nyuma ya ile barakoa. Kuta zake nne kazijaza picha za Kipanga, kajishonea barakoa kama ile, ya kulalia, na kila mgonjwa akiingia kwake anafungwa kwenye kiti na kuchambuliwa kichwa, huenda Kipanga kajificha humo. Watu walimpenda kwa kumchukia. Mama wakishindwa na watoto walisema, nitakupeleka kwa Chambua.

Lakini maneno hayakuwa ya mchoraji. Yeye alichora picha tu, na viputo, yale mayai meupe yanayotoka midomoni mwa watu wa katuni, aliviacha vitupu. Kisha aliupitisha ukurasa chini ya mlango wa chumba cha pili, na huko dada yake mkubwa alivijaza. Alitunga mwenyewe, akaandika kwa mkono, kwa rula na kalamu ya wino, herufi zimenyooka utadhani zimepigwa chapa. Hakupenda kutazamwa akiandika, ndiyo maana ya ule mlango. Ndugu hawa wawili waliishi hivyo katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, sebule na vyumba viwili, na sijasikia hata siku moja kwamba waligombana juu ya kazi.

Basi yule dada akaacha kulala.

Mwanzoni mchoraji alidhani ni uchovu. Kisha dada akabandika magazeti kwenye dirisha. Akaacha kula, ila chakula ambacho mdogo wake ameonja kwanza. Akaanza kunong'ona kwamba kuna mtu ukutani anayasikiliza mawazo yake, na mwisho akajifungia kabisa, na viputo vikarudi chini ya mlango vitupu kama vilivyokwenda. Mchoraji akamwita muuguzi wa zahanati. Muuguzi alisimama pale mlangoni, akabembeleza, akachoka.

"Huyu ni wa daktari wa akili," akasema. "Na asipokubali mwenyewe, Jumatatu itabidi tuje na gari tumbebe. Mwili hauwezi kwenda hivi."

Ndani ya chumba sauti ikasema, kavu kabisa, "Mnataka kunipeleka kwa Chambua."

Jamani! Mchoraji alimvuta muuguzi mbali na mlango. Alimfahamu dada yake. Huyu ndiye aliyemlea, aliyemfundisha kushika penseli, na hakuwahi kushikwa kwa nguvu na mtu yeyote. Wakimbeba siku ile akipiga kelele, hatamwamini tena daktari, na pengine wala mdogo wake. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Akapiga moyo konde, akaenda hospitali kutafuta daktari mpole.

Akagonga. Akaambiwa ingia. Akaingia.

Unyusi mmoja juu, mwingine chini. Masikio yametoka nje kama mishikio ya sufuria. Baka jeusi kando ya pua. Ni Chambua mwenyewe, hai, ananoa penseli.

Hapa lazima nimwage mtama. Sura ya Chambua mchoraji hakuitunga, aliiokota. Miaka mitatu nyuma alikwenda studio kupiga picha ya kitambulisho, akaona chini ya benchi picha ndogo iliyoharibika, imekanyagwa kona. Akaitazama, akasema, sura ya bure hii, akaitia mfukoni. Hakuuliza ni ya nani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Karibu, ndugu," akasema daktari. "Unafanya kazi gani?"

"Naandika... nachora. Vibao vya maduka."

Daktari aliutazama wino kwenye vidole vya mgeni wake.  Akavuta droo, akatoa faili nene, akalifungua. Katuni zote zilikuwamo, Ijumaa baada ya Ijumaa, zimekatwa kwa mkasi na kupangwa kwa tarehe.

"Wagonjwa wangu wanazisoma kabla yangu," akasema. "Kwa hiyo kila wiki lazima nijue nimefanya nini. Mama mmoja aliniona tu, akaruka nje kwa dirisha. Bahati yetu tuko ghorofa ya chini."

Mchoraji alitamani ardhi ipasuke. Akasema samahani mara nne, akaeleza ile picha ya studio, na kabla hajamaliza machozi yalikuwa yanamtoka, maana samahani haikuwa ndiyo iliyomleta. Akasimulia habari za dada. Daktari akasikiliza yote bila kumkatiza. Alipomaliza, daktari akauliza maswali machache: hajalala siku ngapi, anakunywa maji, ameshasema atajidhuru? La, hajasema. Maji anakunywa.

"Jumamosi huwa nawatembelea wagonjwa majumbani," akasema daktari. "Kesho nitakuja."

"Daktari, akikuona wewe ndio basi tena!"

"Hatutamdanganya. Mtu ambaye hamwamini yeyote, ukimdanganya mara moja umemmaliza." Kisha akasita, akainama mbele, macho yakamng'aa, na ule unyusi ukapanda juu kabisa. "Lakini ndugu yangu, niambie kitu kimoja. Kipanga ni nani?"

Mchoraji akarudi nyuma na kiti chake. Ilikuwa ni Chambua mtupu.

"Sijui, daktari. Mimi nachora barakoa tu. Aliye nyuma yake anamjua dada."

Kesho yake saa nne asubuhi daktari alikuwa sebuleni, kwenye kiti chenye mto uliopasuka, mkononi kikombe cha chai. Koti jeupe hakulivaa. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiuelekea ule mlango, "Dada, habari za asubuhi. Mimi ni daktari wa akili. Mdogo wako ameniita kwa sababu anakuhofia. Sura yangu utaifahamu, aliichukua bila kuniomba. Sitaingia humo mpaka uniambie."

 Wakangoja nusu saa. Mchoraji alikuwa anatafuna kucha.

"Huwa mnaongeaje?" akanong'ona daktari.

"Hatuongei. Nachora, napitisha chini ya mlango."

"Sasa unangoja nini?"

Lo, mtu anaweza kuwa na ufunguo mfukoni na akauvunja mlango kwa bega! Mchoraji akavuta karatasi. Akachora ukweli, kama ulivyo: daktari kwenye kiti kilichopasuka, kikombe, mlango umefungwa, na nyuma ya mlango Kipanga kakaa sakafuni, barakoa usoni, magoti kifuani. Kila mmoja na kiputo chake, vyote vitupu. Akaipitisha.

Dakika zikapita. Mara karatasi ikarudi, na mchoraji akaidaka kama mtu aliyeona mvua baada ya ukame. Kiputo cha Kipanga kilikuwa na maneno, herufi zinatetemeka kidogo lakini zimenyooka: UNATAKA NINI KWANGU? Kiputo cha daktari kilikuwa kitupu. Katika miaka mitatu jambo hilo halikuwahi kutokea, dada alijaza vyote.

"Hiki amekuachia wewe," akasema mchoraji.

Daktari akachukua kalamu. Ninyi mnajua mwandiko wa madaktari, lakini huu, wallahi, ulikuwa na daraja lake. Mistari ilipanda mlima ikashuka bondeni, herufi zikalaliana, neno la mwisho likatoka nje ya kiputo likamwangukia begani daktari wa pichani. Mchoraji alinyoosha mkono ampokee kalamu, aandike yeye. Daktari akakataa. Maneno yangu, mwandiko wangu, akasema, na karatasi ikaenda.

 Ndani kukasikika kiti kikisogezwa. Karatasi ikageuzwa, ikageuzwa tena. Kisha sauti:

"Nani kaandika hivi?"

Wakatazamana.

"Nauliza nani kaandika hivi! Hii nini, 'nataka kujoa kama umelaba'? Kiputo kizima kimechafuka!"

"Ni mimi, dada," akasema daktari kwa unyenyekevu.

Ufunguo ukazunguka. Dada akatokea, amekonda, kanga imemlegea, macho mekundu, rula mkono mmoja, kalamu na ile karatasi mkono wa pili. Akasimama kwenye kizingiti akimtazama yule mtu kitini. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini kile kiputo kilikuwa kinamuuma.

"Masikio," akasema mwisho. "Mdogo wangu ameyazidisha."

"Miaka mitatu nasema hivyo hivyo," akajibu daktari, "hakuna anayenisikia."

Dada hakucheka. Akaenda mezani akizunguka mbali na kile kiti, akakaa, akabandika kipande cha karatasi safi juu ya kile kiputo. Akapiga mistari kwa rula. "Ulikusudia kusema nini?"

"Nataka kujua kama umelala."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akaanza kuandika, mbele ya watu, kitu ambacho mdogo wake hajakiona tangu utoto wao. NATAKA KUJUA KAMA. Hapo kalamu ikasimama. Kwa miaka mitatu alikuwa ameutilia uso ule kila neno chafu alilolijua, nitakuchambua, kichwa chako ni mali yangu, na hakuna hata Ijumaa moja aliyoufanya uulize swali la kibinadamu. Machozi yakamdondoka, akayafuta haraka yasiharibu wino, akamalizia. UMELALA.

Kisha akahamia kwa Kipanga, akamchorea kiputo kipya kwa mkono wake mwenyewe, akaandika: SIJALALA. SIKU KUMI NA MOJA. NIMECHOKA.

Mchoraji akageukia ukutani akalia kama mtoto. Daktari akavuta kiti chake kidogo, si karibu sana, na wakaanza kuongea, wawili hao, polepole, mpaka chai ya pili ikapoa.

Jumatatu gari halikuja. Dada alikwenda mwenyewe kwa miguu, mdogo wake kando, na kwa masharti yake: mlango wa ofisi ubaki wazi, na jina la kila dawa aliandike yeye, kwa sababu mwandiko ule, alisema, utaua mtu. Sitawaambia kwamba alipona kesho yake. Wiki mbili za kwanza alikuwa anasinzia kwenye sahani, na ukutani bado kulikuwa na mtu, ila sauti yake ilikuwa imeshuka. Wiki ya tatu akayabandua magazeti ya dirishani. Ya tano, viputo vikarudi vimejaa.

Ijumaa hiyo Chambua alimkamata Kipanga. Akamvua barakoa, na wasomaji waliona kisogo tu. Katika picha ya mwisho Chambua anamrudishia barakoa yake, na kiputo kinasema: UMELALA? Hakuna zaidi. Mhariri alipiga simu akilalamika kwamba hajui sasa adui ni nani, na dada akamwambia na yeye akalale.

Jumanne dada alikuwa na miadi kwa daktari. Kwenye benchi la nje ya ofisi alimkuta mzee mmoja kashika kofia kwa mikono miwili, binti yake anambembeleza aingie, naye kagoma. Alikuwa amechungulia mlangoni.

"Siingii! Ndiye yule wa gazeti, nimemwona kwa macho yangu."

Dada akakaa kando yake.

"Ndiye, baba," akasema. "Na yale mabaya yote aliyoyasema niliyaandika mimi, kwa mkono huu hapa. Yeye mwenyewe nimemkuta na swali moja tu."

"Anauliza nini?"

"Kama umelala."

Mzee akamtazama. Kofia ikazunguka vidoleni, mara moja, mara mbili. "Sijalala, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mwambie hivyo hivyo."

Akampa mkono wenye wino, akamwinua, wakaenda wote mpaka mlangoni, na aliyebisha hodi alikuwa dada.