Shahidi wa Mazoezi

Sisi mawakili tunaitana "msomi". Ukiwa mahakamani husemi mwenzako ni mwongo, unasema msomi mwenzangu amepotoka. Nimelitamka neno hilo miaka mingi bila tabu yoyote. Tangu semina ile, nikilitamka nasikia ladha ya mafuta yaliyochacha.

Ilikuwa miaka ya ruksa na soko huria, na kila mtu nchini alikuwa ananolewa. Wahasibu walinolewa, makarani walinolewa, hata wauza mitumba wa Majengo waliitwa semina ya biashara wakarudi na kofia na kalamu. Ilipofika zamu yetu mawakili wa kesi, wafadhili walitukodia ukumbi wa hoteli moja hapa Dodoma. Mada ilikuwa namna ya kumdodosa shahidi wa upande wa pili mpaka hakimu asimwamini tena. Mkufunzi alitoka Dar es Salaam, wakili mkongwe anayeitwa Bartolomayo, mwenye tai pana na kicheko cha kujisikiliza mwenyewe. Mratibu alikuwa Ludovick, ambaye ofisi yake na yangu zinatazamana kwenye korido moja.

Siku ya kwanza tulisomeshwa kwa picha za ukutani, tukasinzia. Bartolomayo akakasirika. Akasema kudodosa hakufundishwi kwa picha, kama ambavyo kuchinja hakufundishwi kwa picha. Alitaka shahidi halisi, mwenye kesi halisi, na asijue kwamba ni zoezi, maana anayejua haogopi. Watu wakacheka wakaenda kula. Mimi nilidhani ni utani wa mkufunzi aliyeishiwa maneno.

Kesho yake tulikuta ukumbi umegeuzwa mahakama. Bendera ya taifa ilikuwa juu ya meza, wakili mmoja amekaa nyuma yake kama hakimu, na Bartolomayo amevaa joho. Mlango ukafunguliwa, Ludovick akamwingiza Bibi Zipora.

Nilimfahamu. Alikuwa mteja wa Ludovick, mjane kutoka kijiji cha Haneti, na alizoea kukaa kwenye benchi la korido yetu akisubiri kuitwa. Mfanyabiashara anayeitwa Sila alikuwa anadai shamba lake la uwele. Alilitaka kwa ajili ya alizeti, apate cha kukamua kwenye mashine yake, na alisema marehemu mume wa bibi alimuuzia kabla hajafa. Bibi hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya shamba hilo na wajukuu aliowalisha kwalo. Kesi ilikuwa isikilizwe mwisho wa mwezi. Ludovick alimpelekea salamu kwamba aje mjini kutoa ushahidi.

Alikuja na vitenge vyake vya kanisani na viatu vya plastiki alivyovisugua mpaka vikang'aa. Akatuangalia wote, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Tulioitikia ni sisi Wagogo wachache, wengine walitazamana. Akapewa Biblia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaapa taratibu, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani.

"Shamba lako lina ekari ngapi?" Bartolomayo alianza.

"Sijapima. Nalima mpaka jua linakuwa kali, ndiyo narudi."

Watu wakacheka.

"Mlianza kulima hapo mwaka gani?"

"Mwaka wa njaa."

"Njaa ipi, bibi? Dodoma ni mwaka gani hamna njaa?"

Ukumbi mzima ulishika mbavu. Mwanzoni na mimi nilidhani bibi ameshaambiwa, kwamba anatuigizia tu. Nilimshangaa anavyojua kuigiza.

"Mpaka wako ni nini?"

"Mgunga mkubwa."

"Upo?"

"Sila ameukata."

"Ulimwona akiukata?"

"Niliona kisiki."

"Kumbe hukumwona. Sasa niambie, mumeo alikuwa anakueleza kila anachofanya?"

"Mume wangu hakuwa mwizi."

"Sijauliza wizi. Alikueleza kila kitu? Ndiyo au hapana?"

Bibi alitazama Biblia pale mezani. "Hapana," akasema.

"Kwa hiyo angeweza kuuza shamba wewe usijue."

Chozi likamteremka asilifute, maana aliogopa kuinua mkono mbele ya hakimu. "Angeweza," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba haigizi. Nilisimama nikapaza sauti kuuliza kama bibi ameambiwa hapa ni wapi, lakini makofi yalikuwa yameshalipuka na sauti yangu ikazama humo. Yule hakimu wa bandia akagonga meza, akatamka kwamba shahidi haaminiki na shauri limekwisha. Bibi Zipora aliinamisha kichwa kwa adabu, kana kwamba ametendewa wema. Ludovick akamtoa kwa mlango wa nyuma.

Nilipompata Ludovick saa ya chai, alikuwa ameshamaliza naye, yuko mezani anatafuna sambusa.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Nimempakia kwenye basi, Anjelina. Nitamwambia siku ya kesi. Sasa hivi ningemchanganya tu." Mafuta yalikuwa yanamchuruzika kidevuni. Nilimwambia akimaliza hiyo sambusa awahi stendi, akamwambie kabla basi halijaondoka. Akasema sawa. Hakwenda.

Jioni wasomi walikunywa mvinyo wa hapa kwetu, na kila aliyeulizwa saa ngapi alijibu, "Saa ya njaa!" Bartolomayo alicheka mpaka akakohoa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliwaangalia midomo yao iliyotiwa wekundu na mvinyo, nikahisi kinyaa kilekile cha mtu aliyekuta nywele kwenye ugali aliokwisha kuumeza.

Wiki ya kesi, Ludovick aliingia ofisini kwangu bila kicheko. Alikuwa amemwita bibi mjini tena, naye ameleta salamu kwamba haji.

"Nisaidie, wewe ni Mgogo mwenzake. Atakusikiliza."

"Twende wote," nikamwambia. "Utamwambia kwa mdomo wako."

Tulipofika Haneti, trekta la Sila lilikuwa ndani ya shamba linageuza mabua ya uwele. Bibi alikuwa kivulini mwa nyumba anachambua mlenda. Ludovick aliinama kuliko kawaida yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Bibi, hili trekta limeingiaje?"

"Si nilishindwa?" alisema bila ukali wowote. "Hakimu alisema siaminiki. Watu wakampigia makofi yule wa joho. Nikaona nimfuate Sila mwenyewe, nimwambie lima, nisije kutolewa na polisi mbele ya wajukuu."

Ludovick akachuchumaa mbele yake. "Ile haikuwa kesi, bibi. Yalikuwa mazoezi tu. Kesi yenyewe ni Alhamisi."

Bibi alinigeukia mimi. Nilimweleza kwa Kigogo, tangu semina mpaka sambusa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kunuka. Alisikiliza huku mikono imetulia juu ya mlenda.

"Na wale waliokuwa wanacheka," akauliza, "nao walikuwa wanajifunza kucheka?"

Nilimwambia bado hajachelewa. Aje Alhamisi, na majirani zake waje, nami nitakaa naye mwanzo mpaka mwisho. Trekta litasimamishwa. Sila hana shahidi hata mmoja wa kuuziana. Niliona ananielewa, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Nitaapa tena?"

"Ndiyo, utaapa."

"Ile Biblia niliyoishika, nayo ilikuwa ya mazoezi?"

"Ya mazoezi, bibi," Ludovick alidakia. "Kila kitu kilikuwa cha mazoezi."

Bibi hakumwangalia hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja. Nilijua kinachotakiwa. Neno moja, ndiyo, na shamba linabaki kwake. Ludovick alinikanyaga mguu. Nikawaza kwamba ameshadanganywa na wasomi mara mbili, na wa tatu nitakuwa mimi.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa Biblia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokwisha kulijua.

"Basi niliapa. Na nilisema mume wangu angeweza kuuza. Siwezi kwenda mbele ya Mungu yuleyule nikasema lingine."

Nilimsihi. Nilimwambia kuweza kuuza si kuuza, kwamba yule mtu alimtega kwa maneno, na kwamba Mungu anazijua hila za mawakili. Akasema Mungu anazijua, ndiyo, ila aliyeapa ni yeye, siyo mawakili. Trekta lilifika mwisho wa shamba, likageuka, likaanza mstari mwingine.

Bibi Zipora aliinuka, akaingia ndani, akatuletea maji kwenye kata, maana tulikuwa wageni na jua lilikuwa kali. Ludovick aliyapokea akanywa yote, akashusha pumzi, akashukuru. Mimi yalinishinda kumeza.