Mnara wa Uani

Tangu Mzee Ambokile atoke Tukuyu kuja Mbweni kutibiwa magoti, sebule ilikuwa na wakubwa wawili: yeye, na kile kisanduku cha wifi juu ya kochi lake. Tupokigwe, mke wa mwanawe, alihamishia shughuli zake banda la uani. Kwao Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawatazamani, na mzee hakuwa mtu wa kusema hapa ni mjini. Akitaka kutoka alikohoa mara tatu, mkamwana akajificha. Akitaka chai, alimtuma paka.

"We paka, mwambie mkwe wangu chai imepoa."

Tupokigwe alivumilia, mpaka alipoitwa kwenye usaili wa kufundisha wageni Kiswahili kwa mtandao. Miaka miwili bila kazi si mchezo. Na huko bandani wifi haikufika hata kwa dawa.

"Usiwaze," alisema mumewe, Rogers, fundi wa kila kitu. Akanunua ripita, kidude cha kupokea wifi na kuisogeza mbele, akavuta waya wa umeme kutoka jikoni, akakining'iniza kwenye kamba ya nguo kwa kibanio, kisha akaenda zake kazini. Kibanio! Mwanamume mzima na digrii yake.

Saa tatu asubuhi Tupokigwe aliketi mbele ya kompyuta, mlango wa banda uko wazi nyuma yake. Msaili, Bi Hamdiya, akauliza swali la kwanza. La pili lilifika nusu, sura yake ikaganda. Upepo ulikuwa umeiangusha ripita mchangani.

"Mungu wangu, ripita imeanguka! Kazi ndiyo inakwenda hivyo!"

Akainuka mbio kwenda kuiokota. Hajafika mlangoni, akasikia kikohozi: kimoja, cha pili, cha tatu. Akarudi kitini, machozi yakimlenga. Siku hiyo alimchukia mzee wa watu, wala hakujificha moyoni.

Mara Bi Hamdiya akarudi, safi kabisa.

"Samahani, huyo nyuma yako aliyejifunika shuka ni nani?"

Tupokigwe akatazama pembe ya kioo cha kompyuta, penye picha yake mwenyewe. Katikati ya ua alisimama mtu, kawapa mgongo, shuka mpaka kichwani, mkono juu, ripita mkononi.

"Ni mnara, madam. Mkwe wangu."

Bi Hamdiya alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, tuseme mie ndiye mgeni wako. Nifundishe neno 'mkwe'."

"Mkwe ni huyo pale," alisema Tupokigwe. "Hanitazami, magoti yake mabovu, lakini kazi yangu kaishika yeye."

Bi Hamdiya akavaa tena miwani. "Basi kazi umepata. Unaanza Juma..."

Mzee alisikia. Kwa furaha akapiga makofi, na hakuna apigaye makofi na ripita mkononi. Wifi ikaenda na siku yenyewe.

Kisha kikohozi, mara tatu.

"We paka," mzee alisema, "mwambie mkwe wangu asilie. Mnara unainama kuokota."