Kasri la Tebra Halina Maji

Kasri lilikamilika mwezi wa Shaabani: vyumba thelathini vya udongo mwekundu juu ya mchanga wa Timimoun, madirisha makubwa ya kioo, bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu. Wapiga picha walikuja kutoka Algiers, wakapiga kila kitu mpaka vitasa. Kitu kimoja tu hawakukipiga, maana hakikuwepo: maji.

Tebra, mwimbaji aliyekuwa akijaza kumbi za Paris na Kairo, alikwenda kuyanunua kama mtu yeyote. Pale maji yana wenyewe. Yanatoka mbali, chini kwa chini, kwenye handaki la mababu liitwalo fogara, mpaka yafike kwenye kitana cha jiwe kinachoyagawa, na kila pengo la kitana lina ukoo wake. Mkubwa wa wenye maji, Tuhami, ambaye kila mtu alimwita Mulai, yaani bwana mkubwa, alimmiminia chai glasi tatu, kisha akamwambia huku anatabasamu, "Lalla Tebra, nyimbo zako tunazipenda. Lakini maji hayauzwi kwa mtoto wa kibarua. Mama yako kamwagilia bustani yetu miaka arobaini, na tende hatukumnyima."

Tende hatukumnyima! Tebra alitoka pale damu inamchemka.

Watu walidhani kasri lile ni la kujionyesha. Kujionyesha kulikuwepo, tusidanganyane. Lakini lilianza siku ile, Tebra akiwa na miaka saba, alipomwona mama yake Mesuda anainuliwa kwenye kivuli cha mtende alioumwagilia mwenyewe, eti wageni wanataka kukaa. Mtoto akaapa kwamba mama yake atakuwa na bustani ambayo hakuna wa kumwinua. Sasa bustani yenyewe ilikuwa mchanga mtupu.

"Tuchimbe kisima cha mashine," mhandisi akasema. "Wiki moja tu."

"Na fogara ikauke, miti ya watu ife?" Mesuda akamkata jicho. "Miti ile nimeilea mimi. Thubutu!"

Basi Ijumaa Tebra akasimama mbele ya wenye maji wote, akadai desturi: anayefungua sehemu ya fogara iliyoporomoka, maji yatakayoongezeka ni yake. Sehemu ya juu ilikuwa imefukiwa tangu yeye hajazaliwa.

Mulai Tuhami akacheka mpaka kilemba kikasogea. "Desturi inataka mwenye kudai ashuke mwenyewe, binti. Hakuna kutuma watu. Utashuka na viatu vya jukwaani?"

"Nitashuka peku. Wewe andaa kipimo chako."

Akajifunga kibwebwe kweli. Maonyesho ya Paris akayafuta. Meneja akalia kwenye simu, akamkatia. Siku arobaini alitambaa gizani na sururu, binamu zake huko juu wakivuta ndoo za udongo kwa kamba. Aliogopa, kila siku aliogopa, akawa anajiimbia asisikie mchanga ukidondoka. Watu wakaja kuchungulia shimoni.

"Lalla, tiketi bei gani?"

"Shuka, ni bure! Njoo na jembe!"

Siku ya arobaini na moja maji yakamfika magotini, akapiga kelele mpaka binamu zake wakadhani amefukiwa.

Bahmid, mpima maji, akasimamisha bati lake la shaba lenye matundu, kila tundu kidole kimoja cha maji, akaziba kwa udongo tundu moja moja, akafungua, akapima tena ili Mulai Tuhami asipate la kusema. "Vidole kumi na kimoja vimeongezeka," akasema. "Ni haki yake." Wakachonga pengo jipya kwenye kitana, mfereji ukachimbwa mpaka kasri.

Ilibaki kufungua tu. Tebra akamkabidhi mama yake jembe, wenye maji wote wakitazama. Mesuda akalishika, kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akainamisha kichwa mbele ya Mulai Tuhami.

"Nifungue, Sidi?"

Moyo ulimpasuka Tebra. "Mama! Unamwomba nani? Maji ni yako!"

Mesuda akatazama jembe. Akatazama maji yaliyokuwa yanasukuma udongo yapite. Kisha akanyoosha mgongo taratibu, akamkazia yule mzee macho.

"Tuhami," akasema, bila Mulai, bila Sidi, "sogeza mguu. Umesimama kwenye mfereji wangu."

Akausogeza.