Barua za Tshiela Kutoka Safu ya Tisa

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, Badibanga alikuwa nyuma ya nyumba akichekecha unga wa muhogo, kazi ambayo kwa miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kuigusa, aliposikia kitu kikidondoka kwenye jiwe la mlango wa mbele. Alimaliza kwanza unga uliokuwa kwenye chekeche. Unga ukichukuliwa na upepo haurudi, na mgane hana wa kumtuma. Alipozunguka mbele alikuta barua. Karatasi ilikuwa ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, imelowa pembeni, na ndani ya mikunjo mlikuwa na udongo wa kijani, ule wa shaba. Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa mke wake, Tshiela, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua miaka miwili iliyopita.

Badibanga aliishia darasa la tatu. Herufi za mashine aliziweza, za mkono zilimtoroka. Akavuka njia kwa jirani yake, Mama Rachelle, mwalimu wa zamani ambaye wakubwa walisahau kumlipa mpaka naye akasahau kufundisha, sasa anauza makala, makaa ya kupikia. Rachelle akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma ukurasa mzima kimya.

"Ni yeye," akasema. "Hata hii tabia yake ya kuuliza habari ya mvula mbele ya habari ya batu."

"Soma."

"Anasema balimuhamisha. Kule ku makaburi ya mupya, kwenye ulitiaka maua, ye haiko."

"Nani eko?"

"Hakuna mutu. Musalaba na muchanga tu."

Badibanga akaitikia kwa kichwa. Sosiete, kampuni ya mgodi, ilikuwa imemwambia kwamba mke wake amelazwa vizuri, na kwake neno la Sosiete lilitosha kujua kwamba jambo liko kinyume.

Tshiela alizaliwa kwenye ferme, shamba la ng'ombe, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka Kasaji. Baba yake alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, reli ikamchosha, akawa mchungaji wa ng'ombe elfu mbili wa Mzungu. Mzungu akaondoka, ng'ombe wakawa wa mkubwa mmoja aliyekaa mbali na hakuwahi kuwaona hata mkia. Mkubwa naye akaanguka, wakabaki ng'ombe arobaini, na hao ndio Donatien, kaka yake Tshiela, anaowachunga mpaka leo. Tshiela alijua kuandika kabla masista hawajamfundisha, kwa sababu baba yake alihitaji mtu wa kujaza daftari la ferme: ndama aliyezaliwa, ng'ombe aliyevunjika mguu, mvua iliyonyesha. Alipokuwa na miaka tisa aliandika humo kwamba dume la mbele lilikuwa na huzuni. Mzungu akalifuta neno kwa wino mwekundu. Tshiela akaliandika tena pembeni yake.

Alipoolewa Kolwezi aliwaandikia watu wa kwao kila wiki. Barua alimpa mtu anayepanda treni, na treni isipokuwepo, mtu wa baiskeli. Aliandika michezo ya parokia, na kitabu kimoja juu ya utoto wake kati ya ng'ombe. Kilichapwa Lubumbashi, nakala mia mbili, nyingi zikaliwa na mchwa kwenye biro, ofisi ya bwana mmoja aliyeahidi kuzisambaza. Badibanga hakukisoma. Alisomewa jioni, ametoka kiwandani, masikio bado yanavuma mashini ya kuponda mawe, na aliyoyasikia aliyashika kuliko sala.

Kabla hajakata roho, Tshiela aliomba jambo moja tu: azikwe kule ferme, ubavuni mwa mama yake. Ilikuwa mvua nyingi. Barabara ya Kasaji ilikuwa imekatika, treni imekufa njiani. Badibanga akamzika kwenye makaburi ya nyuma ya reli. "Ni kwa muda," akamwambia mbele ya watu, "kiangazi ikifika nitakupeleka." Kiangazi kilifika mara mbili. Wakubwa walitaka karatasi ya kufukua, na karatasi hiyo ilitaka karatasi nyingine, na mwenye karatasi nyingine alikuwa safarini.

Halafu chini ya makaburi yale ikaonekana shaba. Hapa Kolwezi mtu akichimba choo, kesho yake anakuja mgeni mwenye kofia ya plastiki kuchungulia. Sosiete ikatangaza kwamba wafu watahamishwa kwa heshima. Vijana wakapita na rangi nyekundu wakaandika namba kwenye kila msalaba. Wenye watu wao waje kwenye mkutano, waseme namba yao, wapewe siku, wasimame pale mtu wao akitolewa kwa mikono.

Badibanga hakwenda. Alisema hawezi kukaa kwenye kiti cha wezi akinywa soda yao. Tena alikwenda makaburini na kisu, akaikwangua ile namba kwenye msalaba wa mke wake mpaka mbao ikawa nyeupe, kwa sababu rangi ya Sosiete haikustahili kukaa juu ya Tshiela.

Basi Tshiela akahesabiwa pamoja na wasio na mwenyewe, na wasio na mwenyewe walitolewa kwa mashini, pamoja na udongo wa shaba, wakamwagwa kwenye lundo linalongoja kusagwa. Jambo hili la kisu Badibanga hakumwambia mtu. Barua ya pili ililitaja kwa mstari mmoja, bila ugomvi: "Namba uliyoikwangua ilikuwa 417. Ukienda biro, uitaje." Rachelle alisoma mstari huo kwa sauti ileile aliyosomea salamu, na hakuinua macho.

Biro ya Sosiete ina madirisha manne. Kwenye la tatu alikaa René, kijana wa shati safi, mtoto wa watu. Aliichukua barua akaigeuza huku na huku.

"Muzee, mukanda ya marehemu lazima ikuye na kopi mbili."

"Alileta moja."

"Na haina tarehe."

"Kule hakuna kalandari."

René akafikiri. "Basi tutatia tarehe ya kupokea." Akapiga muhuri. "Mwenye kuandika anaomba nini?"

"Batoe ye kwenye balimutupa, apelekwe kwao."

"Eko wapi sasa?"

"Soma, alishaandika. Lundo ya kaskazini, safu ya tisa kutoka barabara ya malori."

René akasoma, akageukia ramani ukutani, akaweka kidole. "Anajua fasi muzuri kupita bapimaji betu," akasema. "Lakini ile lundo iko mu programu ya kazi. Nitapeleka ku direksyon, kwa bakubwa."

"Direksyon iko wapi?"

"Juu."

"Hata Mungu eko juu, lakini ye tunamuombaka bila muhuri."

Watu wa foleni wakacheka. René naye akacheka kidogo, akaandika: imepelekwa juu.

Barua ziliendelea kuja kila Alhamisi. Tshiela hakulalamika, aliandika kama alivyoandika siku zote, mtu wa ferme anayeangalia kundi. "Tumelala bila mpango," alisema. "Mguu ulio juu yangu si wangu, lakini ni wa mtu mwenye adabu, hausogei ovyo. Mchana na usiku ni kitu kimoja, tunajua tu saa ya malori kubadilisha zamu. Kuna mtoto hapa anayeuliza kila mara kama tumeshafika. Tunamwambia bado." Wiki nyingine: "Mashini iko safu ya tatu. Wa kule walikuwa wakiimba. Sasa hatuwasikii."

Kule ferme, Donatien alipanda juu ya kichuguu, ndipo mtandao unaposhika, akapiga simu. Alisema tangu mwezi wa sita ng'ombe wote wanageukia mashariki, upande wa Kolwezi, kila saa tisa, wanasimama bila kula mpaka jua linaingia. Shimo alikuwa ameshalichimba, ubavuni mwa mama yao.

"Shemeki," Badibanga akamwambia, "ikishindikana, nikuletee hata mikanda yake, hizi barua, tuzike hiyo?"

"Hapana, shemeki. Huku ng'ombe ikipotea, hatuandikake kama ilikufa, mpaka ngozi ikuye na alama yake ya moto. Papa yangu alitembeaka siku tatu na ngozi ya kuoza ku mabega, ju ya kuonyesha tu. Sasa kwa dada yangu mi nitaandika nini? Lete mutu."

"Ba sosiete—"

"Ba sosiete beko huko kwako. Lete mutu."

Mwezi wa tisa René alimtumia ujumbe kwamba sanduku liko tayari. Asubuhi hiyohiyo, ingawa ilikuwa Jumanne, kulikuwa na barua kwenye jiwe la mlango. Rachelle aliisoma amesimama.

"Mume wangu," Tshiela aliandika, "leo watakupa sanduku lenye jina langu. Aliyemo si mimi. Ni Mulumba, fundi cherehani wa Mwene-Ditu, kule Kasai kwa baba yangu. Alikuja kuchimba, shimo likamfunika, na hapa hakuna aliyejua jina lake. Ndiye mwenye ule mguu. Ukimkataa watamrudisha kwenye lundo, na lundo linaliwa. Ukimkubali watafunga dosie yangu, faili la madai yangu. Fanya unavyoona. Mimi ningemwonea huruma, lakini mimi ndiye niliyelala naye karibu."

Rachelle akaikunja. "Utafanya je, Tata Badibanga?"

"Nitakunywa chai kwanza."

Sanduku lilikuwa jipya, la mbao nzuri, lina kibati: TSHIELA, 417. René alilisukuma daftari chini ya dirisha.

"Tia sahihi, Muzee, kama ulipokea bibi yako."

"Huyu ni mwanaume."

René akashusha sauti. "Najua. Mara hii aliandika kopi mbili, moja ilikuya huku. Nilipeleka juu. Balisema sanduku ni moja, namba ni moja, familia ni moja."

"Na bibi yangu?"

René akapanga kalamu zake, ndefu upande huu, fupi upande ule.

Maisha yake yote Badibanga hakutia mkono kwenye karatasi ya wakubwa ila walipomshika shingo, na hilo lilikuwa fahari yake, na fahari hiyo ndiyo iliyompeleka mke wake kwenye lundo. Alilitazama sanduku muda mrefu. Foleni haikunung'unika. Kisha akashika kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, moja baada ya nyingine, mpaka likaisha.

Badibanga alimsafirisha Mulumba siku mbili juu ya lori la mahindi, na kutoka Kasaji kwa baiskeli mbili zilizofungwa ubao katikati. Donatien alifungua kifuniko akapima kwa macho.

"Huyu ni murefu."

"Ni Mulumba. Wa Mwene-Ditu."

"Basi ni ndugu," Donatien akasema, akarefusha shimo kwa mkono mmoja na nusu.

Wakamzika ubavuni mwa mama yake Tshiela. Wanawake wa ferme walililia jina la Mulumba kama inavyotakiwa, wakauliza kama aliacha watoto, hakuna aliyejua, wakalilia na watoto. Donatien akaandika kwenye daftari: Mulumba, fundi cherehani, ameingia. Saa tisa ng'ombe wakageukia mashariki.

Badibanga aliporudi Kolwezi alikuta barua inamngoja, na kwa kuwa Rachelle alikuwa amekwenda kununua makala, akaipeleka moja kwa moja dirisha la tatu.

"Siwezi kupokea, Muzee," René akasema. "Mutu mwenye familia ilishapokea hawezi kulalamika tena. Dosie ilifungwa."

"Sikusema upokee. Soma tu."

René akatazama nyuma yake, akaisoma kwa sauti ndogo. "Anasema aksanti ju ya Mulumba. Anauliza kama mvula ilinyesha kule Kasaji."

"Ilinyesha."

"Anasema mashini ilifika safu ya nane."

René akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudishiwa mtoto.

Alhamisi iliyofuata umeme wa bwawa la Nzilo haukukatika hata dakika moja, na mashini zilianza saa kumi na mbili kamili. Barua haikuja. Lilikuja vumbi, laini, la kijani, likatua kwenye mtaa mzima, mbele ya kila mlango, na lilitua kwa mistari ya mwandiko. Rachelle akapiga magoti mbele ya mlango wa Badibanga akasoma kwa kidole bila kuligusa.

"'Wapendwa wangu,'" akasoma. "Halafu anauliza mvula. Halafu inaendelea kwa mulango yangu."

Wakaenda kwenye mlango wake. Pale Tshiela alisema yule mtoto ameacha kuuliza, na kwamba sasa anataka kuwaambia mahali anakopelekwa, ili Donatien aweze kuandika. Mstari ulikwenda mpaka ukingo wa jiwe ukavuka kwa jirani wa Rachelle.

Jirani alikuwa mama msafi sana. Alishalifagia vumbi lote tangu asubuhi.